Bili ya izakaya Tokyo: hii "otoshi" ni nini, na meza ya watu wanne iagizeje?

mgeni_wa_Shinjuku

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaozijua izakaya, zile baa za Kijapani ambako watu hunywa na kula kidogo kidogo jioni nzima. Bili ya watu wanne ninayo hapa na mstari wake wa kwanza haueleweki: お通し (otoshi) 4 × 400 = 1,600. Hakuna aliyeagiza kitu hicho. Halafu jumla ya mwisho imezidi bei za kwenye menyu kwa sehemu ya kumi hivi.

Ijumaa watu haohao wanaenda izakaya nyingine. Watatu wanakunywa. Wa nne ni Mwislamu: hanywi kabisa, na nguruwe hali. Maswali yangu:

1. Hiyo otoshi ni ya halali au tumepigwa?
2. Wanatoa "nomihodai", unywe utakavyo kwa saa mbili, yen 2,000 kwa kila mtu. Inalipa?
3. Uagizaji unafuata mpangilio gani? Mara ya kwanza tuliagiza vyote kwa pamoja, mezani pakajaa, nusu ya vyakula vikapoa.
4. Asiyekunywa ale nini, na bili igawanywe vipi?

---

taa_nyekundu

Mkuu, hamjapigwa. Otoshi ni kile kibakuli kidogo kilicholetwa pamoja na vinywaji vya kwanza: vijiko vitatu vya mwani uliopikwa, au kipande cha figili iliyochemshwa, au tofu (jibini la soya) yenye kitunguu majani juu. Osaka na Kyoto hukiita tsukidashi. Kinawapa kitu cha kutafuna wakati jiko linaandaa mlichoagiza, na kwenye hesabu kinasimama kama ada ya kiti. Jina lenyewe la izakaya limebeba jambo hili: "i" ni kukaa, "sakaya" ni duka la pombe. Zilianza enzi ya Edo, pale wauza pombe walipoanza kuwaruhusu wateja wanywee hapohapo badala ya kubeba. Unachokilipia ni kule kukaa. Na bakshishi Japani haitolewi. Ukiacha sarafu mezani, mhudumu atakukimbiza barabarani akurudishie.

Yen 300 hadi 500 kwa kichwa ni kawaida, kwa hiyo 400 yenu ni bei ya kawaida kabisa. Kuna izakaya zinazokubali uikatae, hasa zile zenye matawi mengi, ukiuliza "otoshi katto dekimasu ka" kabla kibakuli hakijatua mezani. Kikishatua, umechelewa. Maoni yangu: usihangaike kukikataa. Kile kibakuli kinakueleza habari za jiko kabla hujaagiza chochote. Kikiwa kimepikwa siku hiyo, kina ladha ya dashi (mchuzi mwepesi wa mwani na samaki mkavu) na chumvi ya kiasi, agizeni kwa moyo mweupe. Kikiwa ni kitu kilichomiminwa kutoka kwenye pakiti, agizeni vitu rahisi vya kuchoma tu, muondoke mapema.

Kinachofaa kuangaliwa kwa makini ni nyongeza nyingine. Kuna 席料 (ada ya kiti inayotajwa waziwazi), kuna ada ya huduma ya asilimia 10 kwenye baadhi ya nyumba, na kuna 深夜料金, nyongeza ya usiku inayoanza saa nne au saa tano. Zote huandikwa mahali fulani kwenye menyu, mara nyingi ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo. Ukiona nyumba inatoza otoshi, ada ya kiti na ada ya huduma kwa pamoja, geuka mlangoni.

Ile sehemu ya kumi ni kodi ya matumizi. Tangu Oktoba 2019 ni asilimia 10 kwa chakula cha kula mezani. Tangu Aprili 2021 sheria inataka mteja aonyeshwe bei yenye kodi ndani yake, lakini menyu nyingi huchapa bei mbili: kubwa ni 税抜, bila kodi, ndogo pembeni yake ni 税込, pamoja na kodi. Jicho hukimbilia ile kubwa. Zizoee herufi hizo mbili na hesabu yako haitapishana tena na ya kaunta.

Jambo moja kuhusu Ijumaa na Shinjuku, mtaa wa starehe wa Tokyo. Mtu akiwafuata barabarani na karatasi ya menyu, akawaahidi viti na punguzo, msimfuate. Kuwavuta wateja barabarani kumekatazwa huko, na vipaza sauti vya mtaani hulitangaza hilo usiku kucha. Bili za kutisha mnazozisikia nyingi huanzia kwa watu hao. Izakaya nzuri ina taa yake nyekundu ya karatasi, pazia lake la mlangoni, na menyu yenye bei nje.

---

mkaa_na_chumvi

Nachukua swali la tatu, maana hapo ndipo jioni huharibika.

Izakaya si mgahawa wa kila mtu na sahani yake. Vyakula ni vya meza nzima, sahani ni ndogo, na huletwa kila kinapoiva, bila kungoja vingine. Ukiagiza vitu kumi kwa mara moja, vitakuja vyote ndani ya dakika ishirini. Kwa hiyo agizeni kwa mizunguko: vitu vitatu au vinne, mkifika nusu yake mnaagiza tena.

Mzunguko wa kwanza ni vinywaji pamoja na vitu visivyohitaji moto: edamame (soya changa kwenye maganda yake, zimechemshwa na kutiwa chumvi), hiyayakko (tofu baridi), nyanya baridi, saladi ya viazi. Hivi hufika ndani ya dakika tano. Hapohapo agizeni na vya mkaa, kwa sababu jiko la mkaa lina foleni yake. Siku ya Ijumaa mishikaki inaweza kuchukua dakika ishirini au zaidi. Mzunguko wa pili ni sashimi, samaki mbichi waliokatwa, wakati ulimi haujachoshwa na mafuta na sosi. Mzunguko wa tatu ni vya kukaanga: karaage, yaani vipande vya kuku, au agedashi-dofu, tofu ya kukaanga kwenye mchuzi. Mwisho kabisa ni shime, chakula cha kufungia: ochazuke (wali uliomiminiwa chai au mchuzi wa dashi), onigiri (tonge la wali) ya kuchoma, tambi. Shime huagizwa mkiwa mnakaribia kuondoka, kabla ya "rasuto oda", yaani agizo la mwisho, ambayo kwa kawaida ni nusu saa kabla ya kufunga au kabla ya muda wenu kwisha. Ijumaa nyumba nyingi huwapa wateja saa mbili tu, kwa hiyo ulizeni mkikaa.

Sasa yakitori, mishikaki ya kuku. Kila sehemu ya kuku ina mshikaki wake: momo ni paja, negima ni paja na kitunguu majani kwa zamu, kawa ni ngozi, sunagimo ni firigisi, reba ni ini, hatsu ni moyo, nankotsu ni gegedu, bonjiri ni mkia, tsukune ni kuku wa kusaga aliyefinyangwa. Mhudumu atauliza: "tare" au "shio"? Tare ni sosi nzito ya soya, mirin (kileo kitamu cha mchele cha kupikia) na sukari. Shio ni chumvi tupu. Firigisi, gegedu na ngozi ni vya chumvi, maana utamu wake uko kwenye mtafuno na mafuta, na sosi huvifunika. Ini na tsukune ni vya tare, kwa sababu ule utamu huizima harufu ya ini. Anzeni na vya chumvi, maliziani na vya tare. Mkifanya kinyume, vya chumvi vitaonekana havina ladha.

Msivue nyama kutoka kwenye kijiti na kuitandaza sahanini ili mgawane. Watu hufanya hivyo kwa ukarimu, lakini nyama ikivuliwa inapoteza maji na inapoa kwa dakika moja. Wachomaji wengi pia hutia chumvi zaidi kidogo upande wa ncha, ili tonge la kwanza liwe na nguvu. Agizeni mishikaki minne ya aina moja, kila mtu na wake. Hesabu ya mishikaki ni ippon, nihon, sanbon, yonhon. Ya glasi na sahani ni hitotsu, futatsu, mittsu, yottsu. Baadhi ya nyumba hazichomi mshikaki mmoja. Wanaanzia miwili, na menyu huandika 2本から. Vijiti vilivyokwisha vinaingia kwenye kile kikopo kirefu mezani, si kwenye sahani ya mwenzako.

Kwenye karaage kuna kipande cha limau pembeni. Usikikamulie sahani nzima kabla hujauliza. Ule unyevu hulainisha ganda lililokauka vizuri, na mwenye kupenda kitu kinachovunjika mdomoni umemharibia. Kamulia cha kwako, kwenye kisahani chako.

Onyo moja kuhusu toriwasa na torisashi, kuku mbichi au aliyechovywa tu kwenye maji ya moto. Ini bichi la ng'ombe lilipigwa marufuku mwaka 2012 na nguruwe mbichi mwaka 2015, lakini kuku mbichi hajakatazwa nchi nzima, kwa hiyo mtamwona kwenye menyu. Bakteria wa kampilobakta huishi kwenye utumbo wa kuku hata akiwa mzima wa afya, na uchinjaji huwasambaza kwenye nyama. Nyama kuwa freshi hakusaidii kitu hapo. Pitieni mbali.

---

go_moja

Ahsante mkaa, umemaliza jikoni. Mimi niseme ya kwenye glasi.

Mtasikia meza zote zikianza na "toriaezu nama", yaani "kwa kuanzia, bia ya pipa". Sababu ni ya kivitendo: meza ikiagiza kinywaji kimoja, vyote hufika pamoja, na hakuna anayegusa glasi yake mpaka wote wawe nazo na neno kanpai, la kugonganisha glasi, lisemwe. Asiyekunywa anainua chai yake, na hakuna anayeshangaa. Mkigonganisha na mtu mliyemzidi umri au cheo, hilo ni lake kujishusha. Mkigonganisha na aliyewazidi, glasi yenu ikae chini kidogo ya yake. Bia ya chupa haimiminwi na mwenye glasi: unammiminia mwenzako, yeye anakumiminia wewe. Usiyetaka kuongezwa, acha glasi ikae imejaa. Glasi tupu ni ombi.

Sake, ambayo Wajapani wenyewe huiita nihonshu, inapimwa kwa go. Go moja ni mililita 180. Kwa nguvu ya asilimia 15, go moja ina kileo karibu sawa na bia ya nusu lita ya asilimia 5, ila inashuka kwa urahisi zaidi, na hapo ndipo watu hujikuta hawawezi kusimama. Agizeni maji pamoja nayo: "omizu kudasai", bure. Glasi ya sake, glasi ya maji.

Neno linalowapoteza wengi ni "hiya". Maana yake ya asili ni baridi, lakini kwa sake humaanisha joto la chumba, yaani haikupashwa. Ukitaka ya kutoka kwenye friji sema "reishu". Ya moto ni atsukan, nyuzi 50 hivi; ya vuguvugu ni nurukan, nyuzi 40 hivi. Ginjo na daiginjo ni sake ambazo punje ya mchele imekobolewa hadi ibaki asilimia 60 au chini (daiginjo 50 au chini), na zinathaminiwa kwa harufu yake ya matunda. Ukizipasha moto sana harufu hiyo inapaa na unabaki na ukali. Junmai ya kawaida, sake isiyoongezwa kileo, ndiyo inayopendeza ikiwa vuguvugu, hasa pamoja na samaki wa kuchoma.

Kuna namna moja ya kuletewa sake inayowatisha wageni: mokkiri. Glasi ndogo imesimama ndani ya kisanduku cha mraba kiitwacho masu, na mhudumu anamimina mpaka glasi inafurika na kisanduku kinapokea. Haikuwa bahati mbaya, na usijaribu kuinua glasi papo hapo, utajimwagia mkononi. Inamisha kichwa, unywe mafunda mawili ya juu glasi ikiwa palepale. Sasa iinue, ifute tako lake kwa oshibori, kile kitambaa chenye unyevu, ili isidondoshe matone mezani, unywe. Ikishuka, ile iliyobaki kwenye masu unaimimina ndani ya glasi. Kisanduku chenyewe unaweza pia kukinywea kwenye kona yake.

Shochu ni kileo cha kukenekwa, kwa kawaida asilimia 25, cha viazi vitamu (imo), shayiri (mugi) au mchele (kome). Hunywewa na barafu, na maji, na soda, au na maji ya moto: oyuwari. Kwenye oyuwari maji ya moto hutangulia, shochu hufuata. Shochu ya baridi inazama kwenye maji ya moto na vinachanganyika vyenyewe bila kijiko. Ukigeuza utaratibu, juu panakuwa moto na mkali, chini hapajachanganyika. Sehemu sita za shochu kwa nne za maji ndicho kipimo cha zamani, na matokeo yake ni asilimia 15, sawa na sake. Mwanzo anzeni na nusu kwa nusu au hata pungufu.

Tokyo mtakutana pia na Hoppy, kinywaji cha ladha ya bia kilichoanza kuuzwa mwaka 1948. Inaletwa chupa ya Hoppy, na glasi kubwa yenye barafu na shochu chini. Chupa inaitwa "soto", nje. Shochu inaitwa "naka", ndani. Mimina soto mpaka juu, usikoroge, mapovu yanatosha kuchanganya. Shochu ikiisha na chupa bado inayo kitu, sema "naka okawari", wanaongeza shochu tu, bei ndogo. Kosa la kawaida ni kuagiza seti nzima upya. Kosa la pili ni kunywa chupa moja kwa naka tatu nne bila kuona kwamba kila glasi ni kali kuliko iliyotangulia: sehemu moja ya shochu kwa tano za Hoppy ni asilimia 5 hivi, lakini moja kwa mbili inakaribia 9.

Umri wa kunywa ni miaka 20. Utu uzima umeshushwa hadi 18 tangu Aprili 2022, ila wa pombe haukuguswa. Na kurudi kwa baiskeli ya kukodi msifikirie kabisa: tangu Novemba 2024 kuendesha baiskeli ukiwa na kileo mwilini kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 3 au faini hadi yen 500,000.

---

mgeni_wa_Shinjuku

Ahsanteni sana, nimeelewa hata mistari mingine ya bili niliyodhani naijua. Kuhusu yule wa nne: nilisoma kwamba Hoppy si pombe kisheria. Ina maana anaweza kuinywa bila ile shochu? Na kuku wa chumvi si salama kwake?

---

meza_ya_pembeni

Ndugu, kwa Hoppy jibu ni hapana. Sheria ya kodi ya pombe ya Japani inahesabu kinywaji kuwa pombe kikianzia asilimia 1. Hoppy ina 0.8, kwa hiyo kikodi si pombe, lakini kileo kimo. Hali ni hiyohiyo kwa bia ziitwazo "nonaru", yaani zisizo na kileo: nyingi ni 0.00 kweli, na huandikwa hivyo kwenye chupa, lakini neno lenyewe halikuhakikishii. Ombeni muone chupa, mtafute 0.00%.

Kinywaji cha kawaida cha asiyekunywa ni chai ya oolong ya baridi, uron-cha. Sikilizeni mwisho wa neno, kwa sababu uron-hai ni chai hiyohiyo yenye shochu, rangi moja, glasi moja, barafu ileile. Kwenye kelele za Ijumaa, "cha" na "hai" husikika vibaya. Mkiagiza kwa tableti au kwa simu, gusa picha iliyo kwenye ukurasa wa ソフトドリンク, vinywaji visivyo na kileo. Glasi zikifika, baadhi ya nyumba hutia kijiti cha kukorogea kwenye yenye pombe, lakini si zote. Ikiwa mezani kuna za aina zote mbili, muulize mhudumu ipi ni ipi kabla hajaondoka, na huyo ndugu anuse kwanza.

Kwenye chakula shida kubwa haiko kwenye nguruwe, maana nguruwe mara nyingi anatajwa (豚). Shida ni mirin na sake ya kupikia. Mirin halisi ina kileo cha asilimia 14 hivi, na imo kwenye tare, kwenye nikujaga (nyama na viazi), kwenye mayai ya kukunja ya dashimaki, kwenye mchuzi wa agedashi, na mara nyingi kwenye ile otoshi yenyewe. Baadhi ya Waislamu huona kileo kilichopikwa kimekwisha, wengine hawakubali. Huyo ndugu ndiye wa kuulizwa, msimwamulie. Kuku wa chumvi hana mirin, lakini hakuchinjwa kwa taratibu za Kiislamu isipokuwa nyumba iwe na cheti cha halali, na jiko lilelile la mkaa linachoma nguruwe na beikoni. Saladi ya viazi mara nyingi ina "ham", nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, ndani. Karaage hulowekwa kwenye soya na sake.

Vinavyobaki si haba. Edamame. Nyanya baridi. Sashimi. Tofu baridi, ingawa sosi nyingi za soya za chupa hutiwa kileo kidogo cha kuhifadhia. Akiwa mkali kwa hilo, aombe chumvi. Samaki wa kuchoma kwa chumvi, shioyaki, mkiuliza kwanza kama hakupakwa sake: "osake to mirin wa haitte imasu ka". Samaki aitwaye hokke, aliyepasuliwa na kukaushwa, ni mkubwa, anatosha watu wawili watatu, na mara nyingi huwa na chumvi tu. Mleni hivi: maliza upande usio na uti wa mgongo, kisha shika uti upande wa mkia uuinue taratibu kuelekea kichwani, ukitoka mzima, chini yake kuna nyama laini kuliko yote. Kwa njaa ya kweli, onigiri ya chumvi.

Wekeni nafasi kwa simu siku mbili kabla na mseme mahitaji yake hapo hapo. Mpishi akiambiwa mapema anaweza kumtengenezea otoshi tofauti. Akiambiwa saa mbili usiku Ijumaa, atasema hawezi, na atakuwa mkweli.

---

go_moja

Kuhusu nomihodai: saa mbili kwenye tangazo ni dakika tisini za kuagiza, kwa sababu rasuto oda hutangazwa nusu saa kabla. Glasi mpya haitoki mpaka ya zamani irudi tupu. Na karibu kila mahali ni meza nzima au hakuna, yaani asiyekunywa naye analipa, japo baadhi ya nyumba zina bei pungufu ya vinywaji baridi. Hesabu ya meza yenu: watu 4 kwa 2,000 ni 8,000. Bila nomihodai, watatu wakinywa glasi tatu tatu za 600 ni 5,400, ukiongeza uron-cha mbili za 350 ni 6,100. Msichukue.

---

taa_nyekundu

Nakubaliana na hesabu, ila naongeza: mkiipata kama sehemu ya "kosu", vyakula saba nane pamoja na nomihodai kwa yen 4,000 au 5,000, hesabu inabadilika kwa meza ambayo wote wanakunywa. Kwa meza hii bado ni hapana, na sababu si pesa tu. Kosu ina vyakula vilivyokwisha kupangwa, na huyo ndugu wa nne hatakuwa na la kula.

Kugawana bili: warikan ni kugawa sawasawa, na ndiyo desturi, lakini hapa humwonea asiyekunywa. Tuseme vyakula ni 9,600, otoshi 1,600, vinywaji vya watatu 6,000, chai 700. Jumla 17,900, na sawasawa ni 4,475 kila mmoja. Gawanyeni vyakula na otoshi kwa wanne, 2,800 kila mtu, kisha kila mmoja alipe alichokunywa: wanywaji 4,800, yeye 3,500. Fanyeni hesabu hii mezani. Kaunta yenye foleni haitapenda "betsu-betsu", kila mtu na yake. Mmoja alipe zote, wengine wamrudishie.

---

mkaa_na_chumvi

Na namna ya kuiomba hiyo bili: "okaikei onegaishimasu", au mkiwa mbali na mhudumu, vidole viwili vya shahada vilivyopishana mfano wa X. Atawaletea karatasi; mnaipeleka wenyewe kwenye kaunta karibu na mlango. Bebeni fedha taslimu, nyumba ndogo za vichochoroni nyingi hazipokei kadi.

Mkikaa kwenye zashiki, sakafu ya mikeka, viatu vinabaki kwenye kabati na ule ufunguo wa mbao hauachwi mezani. Chooni kuna kandambili zake; msirudi nazo mezani. Vijiti vya kulia havisimikwi kwenye wali, na kipande cha chakula hakipokezanwi kijiti kwa kijiti, maana hayo yote mawili ni ya msibani.

Treni za mwisho Tokyo huondoka karibu na saa sita usiku, nyingine hupita kidogo. Angalieni saa ya njia yenu kabla hamjaagiza shime.

---

mgeni_wa_Shinjuku

Nimepiga simu. Nafasi ya wanne, saa moja jioni, saa mbili za kukaa, otoshi ya nne bila mirin. Wamesema watatoa tango la chumvi. Na hokke wanaye.